Panya wa Darini

Wiki ya kwanza ya amri watu walimcheka, ya pili wakamzoea, ya tatu wakaanza kumtii, na hapo ndipo alipoanza kuvimba kichwa. Namzungumzia Sauti, mtangazaji wa gari la spika, mwanamume mwembamba aliyejaliwa koo la kuamsha mitaa mitatu kwa mpigo. Kabla ya maradhi alitangaza chochote alichopewa: mechi, sabuni mpya, mnada wa vyombo, maji kukatika, mtoto kupotea. Maradhi yalipoingia, ofisi ya mtaa ikamchukua mzimamzima, ikampa barakoa yenye nembo, na kazi yake ikawa moja tu, kuwaambia watu wakae ndani.

Afisa wa mtaa alikuwa amempa tangazo lenyewe kwa kirefu, na ni vizuri tulijue, maana balaa lote lilitokea humo. Watu wasitoke ila kwa jambo la lazima. Wa kununua chakula atoke mmoja kwa kila nyumba. Wagonjwa wanaoendelea na matibabu waende kliniki kama kawaida. Wajawazito, vivyo hivyo. Wanaochukua dawa za kila mwezi, vivyo hivyo. Sauti alilitangaza lote siku ya kwanza, na siku hiyohiyo akaona jinsi lilivyokuwa likifia njiani. Gari linatembea, bwana. Mtu wa kona ya kwanza anasikia mwanzo, wa kona ya pili anasikia katikati, wa kona ya tatu anaambulia "vivyo hivyo" na kubaki ameduwaa mlangoni. Kila mtangazaji anajua kuwa tangazo la barabarani likizidi pumzi mbili halina kazi tena.

Basi akalikata, kama alivyokata matangazo yote maishani mwake. Akabakiza kiini, akakitia mdundo: "Ndani ni ndani. Nje ni kesho." Hapo likashika. Watoto waliliimba madirishani, wake waliwatania nalo waume zao, mwenye duka akaliandika kwa chaki kwenye mlango uliofungwa. Afisa mwenyewe alimpigia simu kumpongeza. Hakuuliza wale wagonjwa na wajawazito wameachwa wapi, na Sauti hakumkumbusha.

Tangu hapo akawa anapima koo lake kwa utupu wa barabara. Wakipita mtaa usio na mtu, anamgonga dereva begani na kusema, "Umeona?" Wakimwona mtu mmoja, hata kama ni bibi amebeba ndoo, roho inamchafuka mpaka bibi huyo apotee uchochoroni.

Dereva wake alikuwa kijana waliyemwita Breki, kwa sababu gari lake halikuwa nazo za kutegemewa. Siku moja walisimama kivulini kupoza injini, Breki akauliza, "Kaka, hivi shabaha hasa ya kuwafungia watu ni nini?"

"Wakae ndani."

"Ndiyo, wakae ndani ili iweje?"

"Ili wasitoke."

Breki akamtazama. "Hapo umenijibu au umenitangazia?"

Sauti alicheka. Kila dirisha lilikuwa na jibu lake. Mstaafu wa ghorofa ya njano alisema tunafungwa ili wazee wasife, na akashukuru kwa sauti kila gari lilipopita. Muuza mitumba alisema tunafungwa ili wakubwa wapate kula kwa utulivu. Mama mmoja aliyekuwa amebanwa na watoto wanne chumba kimoja alisema hii ni adhabu, na kwamba angependa tu kuambiwa kosa lenyewe. Wengine walisema ni ili hospitali zisijae. Afisa, ambaye ungetarajia ajue, alikuwa na shabaha yake ya peke yake. "Mkuu wa wilaya anapita kesho," alimwambia Sauti. "Sitaki kujua nani anakohoa na nani hakohoi. Nataka aone lami tu."

*

Nyumbani kwa Sauti walikuwa watatu. Yeye, mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na sasa alishona barakoa kutwa kucha, na mama yake mzazi. Mama alikuwa na kisukari cha miaka mingi na kidonda kipya chini ya dole gumba la mguu wa kulia, zawadi ya mkanda wa ndala. Kila baada ya siku moja alikwenda kliniki ya vidonda. Muuguzi alimsafisha, akamfunga bendeji mpya na kumgombeza kwa ajili ya sukari kwenye chai, kisha mama alirudi nyumbani amechangamka. Kidonda kilikuwa kimeshaanza kufunga.

Kwa siku za mwanzo za amri mama aliendelea kwenda. Kisha asubuhi moja alijitanda mtandio wake, akashika fimbo, akatoka. Hajafika mbali, mtu akamwita kutoka dirishani, kwa utani tu, "Mama Sauti, ndani ni ndani. Mwanao hajakwambia?" Mama akacheka, akapunga mkono. Lakini dirisha la pili halikutania. "Mwacheni apite. Sheria ni ya kwetu sisi. Wao wenye gari la kutangaza wanatembea."

Maneno hayo yalimpata. Alisimama katikati ya njia, fimbo mkononi, na kwa mbali akasikia koo la mwanawe likija kutoka mtaa wa tatu, zuri, limenyooka, likiwaambia wanadamu wote wakae ndani. Akajiona anavyoonekana. Akageuka. Hakugeuka kwa kuogopa askari, maana askari hawakuwapo. Aligeuka ili mwanawe asiaibike.

Jioni alimkuta Sauti uani, ameinama juu ya karo akisukutua kwa maji ya chumvi kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Mwanangu, sisi watu wa kliniki nasi tumo kwenye hilo tangazo lako?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni pamoja na maji ya chumvi. Alijua vizuri kabisa kwamba watu wa kliniki wameruhusiwa. Ila kesho yake Mkuu alikuwa anapita, na zilibaki siku chache amri iishe, na mama yake ana mwendo wa polepole, wa kuonekana. Akayatema maji, na jibu likaenda nayo.

"Vumilia kidogo, mama. Wiki hii mambo yanakwisha. Nikianza kuruhusu watu wa nyumbani kwangu, huko nje nitasema nini?"

"Haya," mama alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

Akarudi chumbani kwake. Sauti akanywa chai, akalala, akasahau. Amri haikuisha wiki ile. Iliongezwa, ikaongezwa tena, na kila ilipoongezwa yeye ndiye aliyekwenda kuitangaza.

*

Harufu ilianza kwa kubahatisha. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na vipande vya kitambaa, alipoinua pua. Ikaja, ikapotea. Kesho yake ikaja, ikakaa. Aliosha bomba la jikoni, akamwaga takataka, akafua mazulia, na harufu haikujali. Ilikuwa kali zaidi karibu na chumba cha mama mkwe wake, kwa hiyo akagonga, akaingia.

"Mama, husikii kitu humu? Kama kitu kimeoza?"

Mama alikuwa kitandani, amejifunika blanketi mpaka kiunoni ingawa jua lilikuwa kali. "Ni panya," alisema. "Amefia darini. Juzi nilimsikia anakwaruza, kisha kimya."

Ndivyo panya alivyozaliwa katika nyumba ile, kwa kinywa cha mtu mzima ambaye hakuna aliyewahi kumshika na uongo, ndiyo maana aliaminiwa papo hapo. Mkewe Sauti hata alimwonea huruma kwa kulala na mzoga juu ya kichwa. Alimletea poda ya mtoto ainyunyize chumbani. Mama alishukuru, na poda yote akaimimina mguuni.

Maana mlango ukishafungwa, mama alikuwa muuguzi wake mwenyewe. Alikuwa ameomba vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye barakoa, akasema anataka kujaza mto. Aliviloweka kwenye maji ya chumvi, akajifunga navyo, akavifunua, akatazama kwa haraka kama mtu anayechungulia chumba cha watu, akajifunga tena. Mguu haukumuuma, na hilo ndilo lililomdanganya. Kidonda cha kisukari hakipigi kelele. Aliona dole limebadilika rangi, akajiambia ni uchafu. Alipoona rangi imepanda, akajiambia wiki hii mambo yanakwisha. Usiku aliogopa, kwa kweli aliogopa sana, na asubuhi alisikia gari la mwanawe linawaka, akanyamaza.

Huku nje vita vya panya vilipamba moto. Kabati lilivutwa, pazia zikateremshwa, gunia la mkaa likahamishwa. Mke akasema ni uchafu wa jirani. Jirani akasikia kupitia ukutani, akajibu kuwa kwake hakuna panya, labda wamevutwa na kelele za mumewe. Mwishowe Sauti, mtu aliyefunga mitaa kwa koo lake, akapandishwa darini na tochi mdomoni, anatambaa kwa tumbo kwenye vumbi.

"Umemwona?" mke aliuliza kutoka chini ya ngazi.

"Kuna kiatu kimoja."

"Kiatu cha nani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nimuulize kiatu?"

"Angalia upande wa chumba cha mama."

Alitambaa upande huo. Chini yake, chini ya ubao mwembamba, mama alikuwa amelala akitazama dari likilia kwa uzito wa mwanawe. Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Hakuna panya," Sauti alisema kwa juu.

"Basi ameingia ukutani," mama alijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Sauti aliteremka amejaa utando wa buibui, akawa na hasira na kila kitu. Alimlaumu mkewe kwa kupekua vitu, mkewe akamlaumu kwa soksi zake. Kwa siku kadhaa walikula uani, sahani magotini. Mama alipelekewa chakula chumbani na akakirudisha karibu kama kilivyo, akisema ni joto. Nao walikubali kuwa ni joto. Ukiwa umeshaamua unachokitafuta, huoni kilicho mbele yako.

*

Mke ndiye aliyesema kitanda cha mama kisogezwe. Breki alikuwa amekuja kumchukua Sauti kazini, akaingizwa shughulini kabla hajaketi.

"Mama, shuka kidogo, shikamoo, tutazame huku ukutani," Breki alisema.

"Marahaba, mwanangu. Miguu imekufa ganzi. Acheni tu."

"Tutakushika mkono."

"Nimesema acheni."

Mkewe Sauti alikuwa ameshachoka. "Mama, nyumba hainuki tena, inatukimbiza. Kama hutaki kushuka, tutakunyanyua nawe humohumo."

"Basi ninyanyueni humohumo," mama alisema, na ukweli ni kwamba alifikiri hawataweza.

Waliweza. Sauti na mkewe walishika upande wa kichwani, Breki akashika miguuni. Kitanda kilipanda, kikayumba, mama akashika mbao kwa mikono miwili, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini, blanketi halikuwa na wa kulishika. Liliteleza. Breki alikuwa ameinama, uso wake umekaribiana na godoro. Aliweka upande wake chini polepole, kwa adabu, na kuutazama ukuta.

"Sauti," alisema. "Hapa hakuna panya."

Mkewe ndiye aliyefungua vitambaa. Vya buluu, vya maua, vya mistari, masalio ya barakoa alizoshona kwa mikono yake, vimelowa. Madole matatu yalikuwa meusi, na weusi ulikuwa umeshapita kwenye unyayo. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

"Mama. Tangu lini?"

"Hakiumi," mama alisema. "Wallahi hakiumi. Nilikuwa nangoja mambo yaishe."

Sauti alikuwa bado ameshika mbao za kichwani. Kitanda kilikuwa chini, lakini hakukiachia.

*

Walimpakia kwenye gari la spika, mbele, kati ya dereva na mlango. Mke alikaa nyuma na vyombo vya umeme, Sauti akapanda ubavuni akining'inia. Barabara ilikuwa tupu vizuri sana. Kwenye kizuizi askari aliwasimamisha, akachungulia, akatabasamu.

"Ninyi ndio mnaotuimbia ndani ni ndani, kisha mnatembeza bibi?"

"Ni mgonjwa," Sauti alisema.

"Leo kila mtu ni mgonjwa." Kisha upepo ukageuka, askari akainua mkono puani juu ya barakoa, na utani ukamwisha. Akainua ubao mwenyewe. "Piteni. Piteni haraka."

Kliniki ya vidonda ilikuwa mwisho wa jengo, chumba cheupe chenye mabenchi manne matupu. Muuguzi alikuwa ameketi peke yake akikunja chachi. Alipomwona mama aliinuka kwa furaha. Alipofungua vitambaa, furaha ikaisha, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza.

"Tulifikiri mmefunga," mke alisema. "Amri."

"Tumefunga? Nani kasema? Hatujafunga hata siku moja. Nakuja, nafuta meza, nakunja chachi, nakaa. Wagonjwa wangu wote wamepotea. Mwanzoni nikadhani wananiogopa mimi, labda wanasema sisi wa hospitali ndio tuna maradhi." Alikuwa akizungumza huku mikono yake ikifanya kazi haraka. "Huyu alikuwa anapona. Mama, wewe ulikuwa unapona. Amri iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, msije mkaletewa ugonjwa mwingine juu ya huu. Haikuwekwa mkae nao ndani uwale."

Mama alitazama dirishani. "Kosa ni langu," alisema.

Daktari alikuja, akabonyeza hapa na pale, akauliza unasikia, mama akasema hapana, hapana, hapana, mpaka karibu na goti akasema ndiyo. Akawaambia kwa upole kwamba mguu utakatwa, na ukatwe leo, kwa sababu kinachofuata baada ya mguu ni mama mwenyewe.

Walikaa kwenye benchi la nje, mume na mke, nafasi ya mtu mmoja kati yao kama ilivyochorwa kwa rangi. Mkewe hakuwa mtu wa kuzungusha.

"Ulijua kuwa wagonjwa wameruhusiwa?"

"Lilikuwamo kwenye tangazo. Nililikata. Ni refu."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Na yeye alikuuliza?"

Hapa Sauti angeweza kusema. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa, hakuna mtu mwingine, na aliyemuuliza ni mkewe. Aliitazama ile rangi ya njano iliyochorwa kati yao.

"Hakuniuliza," alisema.

*

Afisa alimpa pole kwa simu, akampa na mapumziko mafupi, kisha akamtaka kazini. Sauti alikwenda ofisini ana kwa ana. Alisema anataka kulirudisha tangazo kamili, na wagonjwa wake, na wajawazito wake.

"Bwana Sauti," Afisa alisema, "ukiwatangazia wagonjwa watoke, kesho mtaa mzima ni wagonjwa. Mimi nawajua watu hawa. Wakipewa kamwanya, wanatoka wote."

"Ndiyo amri ilivyosema, mzee."

"Amri ilisema mengi. Wewe ulichagua, mimi nikakusifu. Sasa tusiharibu kazi nzuri. Au kuna kijana mwingine anataka kipaza sauti?"

Alitoka pale na kipaza sauti chake. Siku ile yote, mama akiwa wodini na bendeji mahali palipokuwa na mguu, Sauti alizunguka mitaa akitangaza lilelile fupi. Breki aliendesha akitazama mbele, na kila Sauti alipomaliza, alikanyaga mafuta kidogo, kama anayetaka kuondoka mahali pale. Sauti alijichukia, akaendelea, na kadiri alivyojichukia ndivyo koo lilivyozidi kunyooka. Jioni hakusukutua.

*

Mama aliporudishwa nyumbani, majirani walikuja kumjulia hali. Amri au si amri, mtu hawezi kukatwa mguu akaachwa bila kuambiwa pole. Walipita uani, mmoja mmoja, wakiingia kwa mlango wa jikoni kama wezi, na kukaa sebuleni walikokuwa wamemlaza mama kwenye kochi. Walikuwa sita au saba, barakoa zimeshuka videvuni, nyingi zimeshonwa humohumo ndani. Kwa muda walizungumzia dawa. Kisha mzee mmoja, yule mstaafu wa ghorofa ya njano, akauliza kile walichokuwa wote wakikizunguka.

"Lakini mama, ilikuwaje mpaka kufikia hapo? Nyumba ya mtangazaji, tena?"

Mkewe Sauti alikuwa akimimina chai. Mkono wake ukasimama.

"Mwanangu hana kosa," mama alisema upesi, kana kwamba alikuwa amelipanga tangu wodini. "Aliniambia niende. Alinisihi kila siku. Mama nenda kliniki, mama nenda kliniki. Mimi ndiye niliyekuwa mbishi. Niliona uvivu."

Watu wakatikisa vichwa. Walipata pa kushika, na watu wakipata pa kushika huwa hawaachii.

"Ah, mama, na wewe umezidi," mmoja alisema.

"Wazee ndivyo mlivyo. Mtoto anasema, hamsikii."

"Ona sasa unavyomtesa mkweo."

"Ndiyo," mama alisema. "Ndiyo, ni kweli. Nimemtesa." Aliitikia kila neno, amelala na shuka limebonyea pale chini ya goti, akigombezwa na watu wadogo kwake kwa jambo ambalo hakulifanya. Mtu aliyemkemea zaidi alimwinamia na kumtengenezea mto, na mama akamshukuru.

Sauti alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Alivumilia moja, akavumilia la pili. La tatu hakulivumilia.

"Si kweli," alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo, ya ndani ya nyumba, na baadhi yao hawakutambua mara moja kuwa ni yeye.

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema.

"Si kweli anavyosema. Aliniuliza. Alikuja uani, akaniuliza kama watu wa kliniki wamo kwenye tangazo. Nami nilijua hawakukatazwa. Nilimwambia avumilie." "Nilitaka barabara iwe tupu. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Na tangazo lenyewe nililikata. Wagonjwa mliruhusiwa, wajawazito mliruhusiwa. Hata juzi nimelitangaza hivyohivyo likiwa limekatwa, mama akiwa wodini, kwa sababu niliogopa kazi yangu."

Mkewe aliweka birika chini. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, naye alijua anachokumbuka, benchi na ile rangi ya njano. Hayo yalikuwa na siku yake.

Mama alikuwa amefumba macho. "Sasa umewaambia ya nini?" alinong'ona. "Mguu ndio umeshakwenda."

Hakuna aliyemlaumu. Wangemlaumu angalau angejua pa kuweka mikono. Mstaafu alivuta barakoa yake juu ya pua. Na kwenye kigoda karibu na jikoni, mwanamke aliyekuwa hajasema neno tangu aingie, mke wa fundi magodoro wa nyumba ya pili, aliinua kichwa. Mumewe alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa mtu wa kuchukua dawa kila mwezi na hajaonekana nje tangu amri ianze, na watu walimsifu kwa utii wake.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, kama anayehesabu nyuzi, "baba watoto wangu anaweza kwenda kuchukua dawa zake?"

"Anaweza," Sauti alisema.

"Kuanzia leo?"

Sauti hakuweza kumtazama. "Kuanzia siku ya kwanza."

Mwanamke yule akaweka kikombe chini, akainuka, akapita katikati yao wote bila kuaga, akafungua mlango wa mbele na kutoka barabarani mchana kweupe. Walisikia ndala zake zikienda, kwanza kwa hatua, kisha mbio.

Mama alifumbua macho, akamtafuta mwanawe mlangoni.

"Mfuate," alisema. "Hawezi kumbeba mumewe peke yake."